Mvua za Nusu Kidonge

Jumatatu, mawingu tu, mvua bado

Daktari amesema niandike kila siku ninavyojisikia. Nikamwambia mimi shule sikuiona hata kwa dirisha. Akanionyesha koti lake. "Na hili jina langu nani kalishona?" Ni mimi, kwa uzi wa bluu, na halikupinda. Ndivyo herufi zilivyonijia. Wateja wanaleta sweta za shule na mashuka, wananiandikia jina kwenye kipande cha karatasi, nami nalifuata kwa sindano. Nilifuata miaka, siku moja nikajikuta ninasoma. Basi nitaandika. Nikikosea nitafumua.

Habari yenyewe ni hii. Nina kifafa. Kilinianza nikiwa bibi harusi wa juzi, na vidonge vyake nimevimeza kila jioni tangu binti yangu mkubwa hajamaliza kung'oka meno ya utoto. Viwili vyeupe, na maji. Miaka mingi sasa sijaanguka. Wajukuu wangu wanasikia tu kwamba Bibi ana kifafa, hawajakiona. Lakini mwaka huu nilinyanyua pasi, pasi tu, mkono ukavunjika kama kijiti. Daktari akapiga picha akaniambia dawa inanilia mifupa.

"Mama, naona tuipunguze. Nusu kidonge, tunasubiri, nusu nyingine, mpaka iishe. Huenda huihitaji tena."

"Huenda?" akauliza binti yangu huyo mkubwa, aliyenisindikiza.

"Huenda. Na kinaweza kurudi. Sitawadanganya."

Binti yangu huyo namwita Jemadari, maana nyumbani kwetu hata paka anaomba ruhusa kwake. Akasimama. "Sasa daktari, siku akianguka, utakuja kumwokota wewe?"

Daktari ni msichana mdogo lakini hatishiki. "Uamuzi ni wa mama," akasema. Wote wawili wakanigeukia.

Nikasema tupunguze.

Ninaogopa. Naliandika mara moja na sitalirudia.

Jumanne

Kimoja na nusu. Hakuna kitu. Nimeshona mashuka.

Ijumaa, mvua ya kwanza

Nyumba hii ina sheria yake. Bibi akioga, aimbe.

Si mchezo. Mlango wa bafu hauna komeo, Jemadari alilifungua zamani kwa bisibisi akalitupa. Nikiingia kuoga, mtu anakaa nje kusikiliza. Nikiimba, mzima. Nikinyamaza, wanaingia. Kwa hiyo nimeimba miaka yote, nikiwa na raha na nikiwa sina. Siku tuliyomzika baba yao niliimba bafuni. Majirani wanadhani mimi ni mtu wa furaha sana.

Leo zamu ilikuwa ya mjukuu wangu, mtoto wa Jemadari, tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika. Nikamwambia, "Leo siimbi."

"Bibi, Mama ataniua."

"Mwambie nimekukataza."

Nikaingia, nikanyamaza. Hebu fikiria, umri huu wote sikuwahi kuyasikia maji yenyewe yanavyolia yakianguka kwenye saruji. Nikasimama nayasikiliza. Nimejipaka sabuni mpaka kichwani, mlango ukaruka, Jemadari huyo, mto wa kulalia mkono mmoja, taulo mkono mwingine, macho yamemtoka.

"Mama! Mbona kimya?"

"Naoga!"

"Huimbi!"

"Nimemaliza nyimbo!"

Tukatazamana. Mimi kama nilivyozaliwa, povu puani, yeye na mto wake. Chiriku nje anacheka mpaka anakosa pumzi. Jemadari hakucheka. Alikuwa anatetemeka. Nikaona ni hasira, nikamwambia akome kunivamia kama askari wa doria. Akageuka akaondoka na mto wake.

Jumapili

Mvua. Hakuna kitu.

Jumatano, mvua

Chumba chetu cha kazi kina cherehani mbili. Moja yangu, nyingine ya mzee anayeweka vifungo na matundu ya vifungo, hana kazi nyingine wala haitaki. Namwita Fundi Vifungo. Leo ameniuliza, "Bi Mkubwa, nasikia unaacha dawa. Sasa mimi nikae karibu au nikae mbali?"

"Kaa karibu. Nikianguka nataka kuangukia kitu laini."

Akajipapasa tumbo akacheka. Kisha akauliza kwa sauti nyingine, afanye nini ikitokea. Miaka yote tunafanya kazi pamoja, hakuwahi kuniuliza. Nikamwonyesha. Sogeza mkasi na pasi. Weka nguo chini ya kichwa. Usinishike kwa nguvu. Mtetemo ukiisha, nilaze ubavu. Ukiona hauishi, hapo ndipo upige kelele. Na mdomoni usitie kitu, hata akikwambia nani. Hili pengo langu la mbele nilitiwa na msamaria mwema mwenye kijiko.

"Basi ni hivyo tu?"

"Ulitaka ngoma?"

Alhamisi

Kimoja. Hakuna kitu.

Jumamosi, mvua na tope

Daktari alisema dawa ikipungua nitaamka mwepesi, kama mtu aliyeondolewa blanketi kichwani. Mimi bado nimefunikwa. Asubuhi naamka nimejaa usingizi, naweka uzi kwenye sindano nasahau ninashona nini. Labda blanketi lenyewe ndilo mimi.

Lakini naona Jemadari amelainika. Kila jioni analeta chai yangu kwa mkono wake, tangawizi mpaka inawasha koo, anasimama pale mpaka nimalize. Jana alinipangusa mdomo kama mtoto mchanga. Nikasema moyoni, amenielewa mwanangu.

Jumatatu

Nusu. Hakuna kitu. Mvua imeingia stoo, imelowesha pamba.

Ijumaa, jua kidogo

Leo sijameza kitu! Naandika kwa herufi kubwa zaidi: SIJAMEZA KITU.

Nimekwenda mwenyewe dukani kwa mwuza nyuzi. Kwa kawaida nafuatwa nyuma kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Leo nimevuka barabara peke yangu, sketi nimeikunja mkononi, maji mpaka kwenye vifundo. Mwuza nyuzi akauliza, "Leo mlinzi wako yuko wapi?" Nikamwambia nimepona. Akanipongeza. Nikamwambia na mteja wake. Nikamwambia na mwanamke aliyekuwa amejibanza pale mvua isimpate, ambaye hata hakuniuliza.

Siku nzima nimekuwa mtu wa namna hiyo. Fundi Vifungo anasema amechoka kusikia, anasema afadhali nilipokuwa mgonjwa, nilikuwa na staha.

Alhamisi, mvua kubwa

Leo nitaandika mengi.

Jemadari anasimamia jiko la bweni la shule. Jana mvua ilikata barabara, akalala hukohuko kazini. Jioni Chiriku akanipikia chai. Akanipa, nikashika kikombe, akasema, "Ngoja Bibi! Nimesahau unga wako wa mifupa."

"Unga gani?"

"Ule Mama anaokutilia kila siku. Aliniambia siku akichelewa nikutilie mimi. Wa kuimarisha mifupa."

Akatoa karatasi imekunjwa. Ndani, unga mweupe. Nikalowesha kidole, nikagusa, nikaweka ulimini.

Uchungu ule naujua. Marehemu mume wangu ningeweza kumsahau kikohozi chake, si uchungu ule.

Chiriku aliniona uso. "Bibi, nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu, mwanangu. Tia. Koroga."

Nikanywa. Maana daktari alinionya mapema: kukatisha ghafla ndiko kunakoangusha watu. Nikainywa yote, na kila funda lilipita kama changarawe. Nikawakumbuka wote niliowatambia. Mwuza nyuzi. Yule mwanamke wa mvua. Ningeweza kurudi kwao na kuomba pongezi zangu zifumuliwe.

Leo asubuhi Jemadari amerudi, viatu mkononi, matope mpaka magotini. Karatasi nilikuwa nimeiweka mezani. Akaiona kabla ya kuniona mimi.

"Mama."

"Keti."

"Mama, ngoja nikueleze..."

"Keti! Mimi nilikuzaa, nikakunyonyesha, nikakufundisha kukaa chooni. Leo unanitilia vitu kwenye chai kama panya wa stoo?"

"Ni dawa yako!"

"Ilikuwa yangu nilipokuwa naijua! Ulinitazama nikitamba barabarani, ukanyamaza. Ulitaka nini, nife mjinga?"

"Nilitaka usife!"

Alipiga kelele hivyo, Chiriku akakimbilia nje. Kisha akakaa chini sakafuni, na matope yake, pale pale penye mabaki ya nyuzi. Akaongea akiwa anatazama miguu yake.

"Nilikuwa na miaka tisa. Ulikuwa unafua uani, Baba yuko kazini. Nikasikia beseni linagonga, nikadhani unafua kwa nguvu. Nikaendelea kucheza. Mama, niliendelea kucheza. Nilipokuja, uso wako ulikuwa ndani ya maji. Sikuweza kukuinua. Nilikushika nywele, nikavuta kichwa nje, nikakishikilia hivyo hivyo mpaka ukaacha kutetemeka. Halafu ukaamka. Ukaniuliza mbona nguo yangu imelowa. Ukanigombeza."

Sikulikumbuka. Ningelikumbukaje? Katika kuanguka kwangu kote, sijashuhudia hata mara moja. Kwangu mimi ni kama mtu aliyezima taa na kuwasha, nakuta vitu vimesogea na watu wananitazama. Nilikuwa nadhani kifafa hiki ni changu. Kumbe mimi nililala, na aliyekuwa macho ni mtoto wa miaka tisa.

Mtoto huyo sasa ni mtu wa makamo na bado amenishika nywele.

Nilishuka kitini, magoti yakalia, nikakaa naye kwenye matope. Nikamshika kichwa. Tulilia wote wawili, sitaficha. Kisha nikampangusa pua kwa kanga, nikamwambia, "Pole, mama yangu. Pole sana. Na ukinitilia tena kitu kwenye chai, nahamia kwa Fundi Vifungo."

"Utahamia na hiyo harufu yake ya tumbaku?"

"Nitazoea. Yeye hanidanganyi."

Akacheka, makamasi na machozi pamoja. Lakini hasira yangu haijaisha. Nimempenda zaidi leo na bado nimemkasirikia, vyote vimekaa chumba kimoja.

Ijumaa

Sijaongea naye. Chai nimejipikia.

Jumatatu, mvua

Kwa daktari. Jemadari alisema yote mwenyewe, hakujificha nyuma yangu. Daktari aliweka kalamu chini.

"Unajua ungekwama safarini siku kadhaa, angekatishwa dawa ghafla bila mtu kujua? Hapo ndipo ungempoteza."

Jemadari akawa mdogo kama kifungo. Nilitaka kumwambia daktari ampe na karipio lingine, kisha nikaona inatosha. Nikasema, "Amesikia. Sasa tunafanyaje?"

Daktari akasema kuna njia mbili. Kubaki na dawa yangu, ambayo si aibu, watu wengi hubaki nayo, na mifupa tutaitafutia matibabu yake. Au kuanza upya kabisa, maana yote yale yaliyopita hayakupunguza kitu. Ninakaa kwenye vidonge viwili kama siku ya kwanza.

Jemadari akanitazama. Hakusema, lakini macho yake yalikuwa yanapiga magoti. Bakia, Mama. Bakia.

Nitasema ukweli, nilitaka kubaki. Mara ya kwanza nilikuwa jasiri kwa sababu sikujua. Sasa nimeliona lile beseni. Lakini nikaona pia kwamba nikibaki kwa ajili ya hofu yake, tutazeeka hivi hivi, mimi naimba bafuni na yeye nje na mto.

"Tuanze upya," nikasema. "Lakini safari hii wembe wa kukatia vidonge atashika yeye."

"Mimi?" akasema Jemadari.

"Wewe. Utakata kidonge mbele yangu, utanipa nusu, na nusu nyingine utaitupa chooni kwa mkono wako. Hutaki, sema sasa, mbele ya daktari."

Akageukia dirishani. Nje maji yalikuwa yanamwagika kutoka kwenye mfereji wa bati. Akasema, "Wembe mpya. Ule wa kwako una kutu."

Jumanne

Kimoja na nusu. Amekata. Wembe ulimteleza, nusu moja ikarukia chini ya kabati, tukaitafuta kwa magoti, mimi, yeye na Chiriku. Hakuna kitu.

Jumapili

Hakuna kitu. Mvua hizi hazina aibu.

Jumatano

Kimoja.

Jumamosi, manyunyu

Leo nimeamka nikajua ni Jumamosi kabla sijamwuliza mtu.

Nikakaa kitandani nikashangaa. Nilisikia mlango wa jirani, nikasikia Chiriku akijisomea, nikasikia kila kitu kimekaa mahali pake, hakijafungwa kwenye pamba. Nikaenda kazini nikashona kola. Fundi Vifungo akaja akainama juu ya kazi yangu.

"Bi Mkubwa, umebadilisha miwani?"

"Sijabadilisha."

"Sindano?"

"Mwenyewe ndiye niliyebadilishwa."

Nikavuta shati la zamani nililolishona mwaka jana, nikaliweka kando ya hili. Mshono wa zamani unayumba kama mlevi. Na niliusifu! Nikashikwa na hasira ya ajabu. Miaka yangu mingapi nimeitazama kupitia kitambaa? Harusi za wanangu, je, nilikuwepo au nilikuwa nimesinzia na macho wazi? Nikaitukana dawa. Kisha nikaiomba radhi, maana bila dawa ningeishia kwenye maji ya kufulia, na Jemadari angebaki na nywele tu mkononi. Nimeitukana na kuishukuru, sasa iende zake.

Ijumaa

Nusu. Hakuna kitu. Nimeota ndoto ya rangi.

Jumanne, radi

Nilisema sitalirudia. Nalirudia. Ninaogopa.

Nilikuwa kwenye cherehani, nakanyaga, mguu wa kulia ukaanza kuruka wenyewe. Tuk, tuk, tuk. Sikuuamrisha. Nikaachia kitambaa. Nikasema, basi, kimekuja. Jemadari alikuwa mlangoni anakung'uta mwavuli. Akaona mguu, akaniona na mimi.

Nikamngojea apige kelele. Hakupiga. Akasogeza mkasi. Akasogeza pasi. Akakunja sweta akaliweka sakafuni, akakaa kando yake, akanyoosha mikono yake mapajani, wazi, bila kunishika.

"Niko hapa, Mama."

"Najua."

Radi ikapiga. Mguu ukaruka tena mara chache, ukanyamaza. Tukasubiri. Nikasikia sindano elfu zinanichoma kwenye nyayo.

"Ni ganzi," nikasema.

"Una hakika?"

"Nimekaa hapa tangu asubuhi bila kuinuka, kama kuku anayeatamia. Ni ganzi, mwanangu."

Akalala chali pale pale sakafuni, akafunika uso kwa sweta la mteja, mabega yanaruka. Nikadhani analia, kumbe anacheka. Fundi Vifungo, ambaye wakati wote alikuwa amesimama ukutani ameshika kifungo, akauliza, "Sasa tunaendelea na kazi au tunafunga?"

"Tunaendelea!" tukamjibu wote wawili, kwa ukali mmoja. Chiriku anasema sauti zetu zinafanana. Nilikuwa sijalijua hilo.

Jumatatu

Jemadari ameshika wembe, amekumbuka kwamba hakuna cha kukata, ameurudisha. Sijameza kitu, na safari hii ni kweli. Sikumwambia mwuza nyuzi. Sikumwambia mtu.

Alhamisi, mawingu

Hakuna kitu.

Ijumaa, mvua ya mwisho mwisho

Kwa daktari. Nimemwambia aniandikie kwamba nimepona. Amekataa.

"Naweza kuandika tu kwamba mpaka leo hujaanguka."

"Na kesho?"

"Mama, kesho siiandikii mtu yeyote. Hata mimi mwenyewe sina."

Jemadari akashusha pumzi ndefu. Zamani jibu kama hilo lingemtoa roho. Nikamwambia daktari bora yeye kuliko waongo, na aniletee lile koti, jina lake nataka kulishona upya, sasa naona nilivyolipindisha.

Daftari hili alilonitaka niandike sitampa. Kuna matusi ndani.

Jumapili, jua

Uani kumekauka. Nguo za majirani zote ziko kambani kwa mpigo mmoja, mtaa mzima umekuwa kama duka.

Kifafa, kama unasoma, sikiliza. Najua unaweza kurudi. Labda kesho, labda nikiwa kaburini na umechelewa. Ukija utanikuta nashona. Nitaanguka, nitaokotwa, nitapangusa mdomo, nitauliza nilikuwa nimefikia wapi kwenye pindo. Dawa ipo dukani, nikiihitaji nitaimeza bila kuona haya, mbele ya watu, na kwa kujua. Lakini kukungoja mlangoni kila siku na mto mkononi, katika nyumba hii basi. Tumechoka, tuna kazi.

Mchana huu Jemadari amekaa kwenye mkeka kando ya cherehani yangu, anatoa mawe kwenye maharage. Anaongea, anaongea, mara kimya. Nikageuka. Amelala. Sinia mapajani, mdomo wazi, maharage yametapakaa.

Huyu hajawahi kulala mchana. Hata usiku hulala kama mlinzi, sikio moja nje. Nikijigeuza tu kitandani kwangu, yeye chumba cha pili anaita, "Mama?" Leo amelala kama jiwe lililozama. Nikalitoa sinia polepole. Nikamlaza ubavu. Nikatia kitambaa chini ya kichwa. Nina mazoezi ya kuelekeza wengine, sikuwahi kumfanyia mtu. Ana mvi pembeni mwa sikio, mbili, nilikuwa sijaziona.

Nikakaa nikamtazama anavyopumua.

Basi akatokea mteja, mwanamume mwenye sauti ya mnada, anafoka tangu barabarani, "Hodi! Hodi humu! Shati langu liko tayari?"

Nikatoka mbio, kidole mdomoni. "We! Punguza sauti. Mtoto amelala."

Akachungulia juu ya bega langu, akamwona Jemadari, mwili wake mzima, miguu imefika mlangoni.

"Mtoto? Huyu?"

"Huyu. Wangu. Nenda, urudi kesho."